Dawa ya Deni

Nilimshonea Shitandi suti ya kijivu, ya harusi ya bintiye,
vifungo vitatu, bitana ya hariri bandia.
Akaivaa, akacheza, akapigwa picha,
kisha miezi minne akawa ananipitia ng'ambo ya barabara
akitazama viatu vyake.
Jumamosi moja akaja na katoni ya sabuni.
"Mama Imali, pesa sina. Ila huyu, mamake ni mkali."
Ndani, kitu cheusi chenye kitambi
kikanitazama, kikanipima, kikaniuma kidole gumba.
Basi tukamwita Deni.

Deni linauma, nilimwambia dada yangu kwenye simu.
Akacheka: hilo si geni, sote linatuuma.
Nikajisahihisha. Deni anauma.
Anauma pindo la rinda la mteja,
anauma tepu yangu, inchi tano za mwanzo amezimeza,
anauma kifundo cha mguu kila nikikanyaga cherehani,
kwa meno membamba kama sindano namba tisa,
ile ya vitambaa laini.

Na saa kumi, mvua ya Kakamega ikifika bila hodi,
mabati yakianza kupigwa,
Deni hupagawa.
Huzunguka meza, huteleza kwenye sementi, huijibu radi.
Imali hupanda kochi akipiga mayowe,
nusu kicheko, nusu machozi,
na kwa Deni mayowe ni ngoma.

Majirani wakaleta dawa.
Rasoa: jipake pilipili mikononi.
Nikajipaka, nikasahau, nikajifikicha jicho.
Kijana wa bodaboda: mfinye sikio.
Akafinywa, akaona ni mchezo mpya, akataka tena.
Nikavua patipati, nikaipiga sakafuni kando yake;
akaikamata, tukavutana,
mimi na miaka yangu arobaini na sita, yeye na wiki zake kumi,
akashinda.

Siku moja stima zilipotea.
Nilikuwa nimechoka hata hasira sina.
Aliponirukia, nikasimama tu.
Mikono nimeikunja, macho nimeyapeleka ukutani
kwenye kalenda ya mwaka juzi.
Akavuta pindo. Nguzo.
Akabweka. Nguzo.
"Mama, umekufa?"
"Kuwa nguzo nawe," nikasema kwa pembe ya mdomo.
Tukawa nguzo mbili, na mvua.
Deni akakaa kitako.
Akamtazama huyu, akamtazama yule,
kama mtu aliyefika harusini siku isiyo yake.

Hapo nikainama, taratibu,
nikampa kipande cha leso kuukuu,
nimekifunga fundo, nimekilowesha kwa maji ya mtaro wa paa,
baridi.
Kumbe ni fizi zilizokuwa zikimwasha, maskini.
Nani hakuuma akiota meno?
Imali huyuhuyu aliwahi kuning'ata ziwa
nikaziona nyota saa sita mchana.

Akatafuna. Nikaketi kwenye cherehani, nikakanyaga polepole,
si kwa kazi, sindano haikuwa hata na uzi,
tiki, na tiki, na tiki,
mpaka kichwa kikaangukia wayo wangu wa kushoto,
kizito, chenye joto la mkate.

Sisemi amepona.
Jana amekula kola ya karani wa kaunti.
Jioni nyingine nasahau, napayuka,
naye anapanda wazimu, tunaanza upya:
kunyamaza, kugeuka, kungoja, fundo la leso.
Dawa ya deni kulipa,
na hili silipi kwa mkupuo, nalipa kidogo kidogo,
kwa sarafu ya utulivu ambayo mara nyingi sina mfukoni.

Juzi Shitandi alipita, upande wetu wa barabara safari hii,
akachungulia mlangoni.
"Deni linaendeleaje?"
Nikaweka kidole mdomoni.
"Limelala. Usiliamshe."
Akaondoka akinyatia kwa ncha za vidole,
ndani ya suti yangu ya kijivu.